Misemo ya Kichina yenye namba: jinsi ya kuielewa na kuitumia bila kuchekwa

Kila darasa jipya la Kichina linapofika kwenye misemo, maswali huwa yaleyale. Mbona nikifasiri neno kwa neno napata upuuzi? Nihifadhi mingapi? Mbona mwalimu amenikosoa toni wakati kamusi inaonyesha nimesoma sawa? Na ile 250, kuna nini hasa?

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua hanzi (herufi za Kichina) mia mbili au tatu, anayehesabu mpaka elfu kumi bila kusita na anayeweza kuunda sentensi rahisi. Kama bado unachanganya sì (nne) na shí (kumi), maliza hilo kwanza. Sisi tunaotofautisha "saba" na "shaba" hatuna kisingizio.

Shika jambo moja kabla ya yote: katika misemo hii, namba kwa kawaida haihesabu kitu. Mtu akikwambia "nipe siku mbili tatu", hukai na kalenda kumsubiri siku ya tatu ifike. Basi Wachina wana mamia ya misemo ya namna hiyo, nayo imegandishwa, mingi katika silabi nne. Hiyo ya silabi nne kwa kawaida ndiyo inayoitwa chengyu (成语).

Unachohitaji

- Kamusi ya simu yenye hanzi, pinyin (matamshi kwa herufi za Kilatini) na mifano. Pleco inatosha, na sehemu yake ya msingi ni ya bure.
- Kibodi ya pinyin kwenye simu. Utaitumia kujipima, si kuandikia tu.
- Kadi au daftari lenye nafasi nne kwa kila msemo: hanzi, matamshi halisi, mahali pake katika sentensi, na hisia yake (sifa, lawama, au kati).
- Mtu wa kukusikiliza. Walimu wa Taasisi za Confucius, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyofunguliwa 2005 au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya 2013, wanafaa. Mfanyakazi mwenzako Mchina anafaa pia.
- Dakika 15 kwa siku. Saa mbili za Jumamosi hazifidii.

Hatua ya 1: Tambua namba imetoka wapi

Kila ukikutana na msemo mpya, uweke kwanza kwenye moja ya makundi matatu. Usipofanya hivyo utatafuta hadithi mahali pasipo na hadithi.

*Namba za hadithi.* Hapa namba inahesabu kweli, kwa sababu kuna tukio nyuma yake. 三顾茅庐 (sān gù máo lú) ni mbabe wa vita Liu Bei aliyekwenda mara tatu kwenye kibanda cha Zhuge Liang, mwaka 207, kumwomba awe mshauri wake. Leo unasema hivyo mtu anapofuatwa tena na tena kwa heshima ili akubali kazi. 四面楚歌 (sì miàn Chǔ gē), "nyimbo za Chu pande nne", ni Xiang Yu, kiongozi wa nchi ya Chu, aliyezingirwa Gaixia mwaka 202 KK. Usiku akasikia nyimbo za kwao zikiimbwa kwenye kambi za adui pande zote, akadhani nchi yake yote imeshatekwa. Maana ya leo: umezingirwa, huna wa kukusaidia. 五十步笑百步 (wǔshí bù xiào bǎi bù) inatoka kwa mwanafalsafa Mencius: askari aliyekimbia vita hatua hamsini anamcheka aliyekimbia mia. Sisi tungesema nyani haoni kundule.

Kwenye kundi hili, jifunze hadithi kwa sentensi tatu na uishie hapo. Lakini angalia maana ya leo, maana hadithi inaweza kukupotosha. Mfano mbaya kuliko yote ni 朝三暮四 (zhāo sān mù sì), "asubuhi tatu, jioni nne". Katika kitabu cha Zhuangzi, mfuga nyani anawaambia nyani wake atawapa mbegu tatu asubuhi na nne jioni. Wanakasirika. Anageuza: nne asubuhi, tatu jioni. Wanafurahi. Ukiishia kwenye hadithi utadhani msemo unahusu kudanganywa kwa hesabu. Leo unamhusu mtu asiyetulia, anayebadilisha wapenzi au kazi kila mara.

*Namba za vifaa.* Hizi zimetoka kwenye mizani, kihesabio cha shanga na jedwali la kuzidisha. Ukiona kifaa chenyewe, husahau tena.

三下五除二 (sān xià wǔ chú èr) ni kanuni ya kihesabio cha shanga. Kila kijiti kina shanga za chini, moja moja, na za juu zenye thamani ya tano. Tuseme kijiti kinaonyesha mbili, nawe unataka kuongeza tatu. Unashusha shanga ya tano (xià wǔ), unaondoa zile mbili (chú èr), kijiti kinasoma tano. Vidole viwili, kufumba na kufumbua. Ndiyo maana msemo unamaanisha kufanya jambo chapuchapu bila kusuasua. Kosa la kawaida ni kuusoma kama hesabu ya kugawanya, tano kwa mbili. Kata hivi: sān | xià wǔ | chú èr.

半斤八两 (bàn jīn bā liǎng), "nusu jin, liang nane". Mwanafunzi anayenunua mboga sokoni China leo anashangaa: jin moja ni gramu 500 na ina liang kumi, sasa nusu jin inakuwaje liang nane? Jibu ni kwamba jin ya zamani ilikuwa na liang 16. China bara ilibadilisha kuwa kumi mwaka 1959. Hong Kong na Taiwan bado wanatumia 16. Msemo ulibaki na mizani ya zamani. Maana: hawa wawili ni walewale, na mara nyingi hausemwi kwa kusifu.

不管三七二十一 (bùguǎn sān qī èrshíyī), "bila kujali tatu mara saba ni ishirini na moja". Tafsiri yake nzuri ya Kiswahili ni "liwalo na liwe".

八字没一撇 (bā zì méi yì piě): hanzi ya nane, 八, ina michirizi miwili tu, na wa kushoto unaitwa piě. Kama hata huo haujaandikwa, basi jambo halijaanza kabisa. Utausikia sana watu wanapouliza habari za harusi.

*Namba za mfumo.* Haya ndiyo mengi, na mara nyingi hayana hadithi wala kifaa. Yana kiunzi. Hatua inayofuata ni yao peke yao.

Hatua ya 2: Hifadhi viunzi, si orodha

Ukihifadhi msemo mmoja mmoja utachoka mapema. Ukihifadhi kiunzi, msemo usiowahi kuuona unaweza kuukisia. Herufi A na B hapa ni maneno yanayoingia kati ya namba.

一A一B: ukamilifu, kitu kimoja mwanzo mpaka mwisho. 一心一意 (kwa moyo wote), 一模一样 (sawasawa kabisa), 一五一十 (kusimulia kila kitu bila kuacha; imetokana na kuhesabu vitu tano-tano).

一A二B: kabisa, bila kubaki kitu. 一干二净 (kumalizika au kusafika kabisa), 一清二楚 (wazi kabisa). Hizi mbili anza nazo; ni za kila siku.

一A两B au 一A双B: tendo moja, matokeo mawili. 一举两得 (faida mbili kwa mpigo), 一箭双雕 (mshale mmoja, ndege wawili), 一刀两断 (kukata uhusiano moja kwa moja).

三A两B na 三A二B: uchache au kutawanyika. 三言两语 (maneno mawili matatu), 三三两两 (wawili wawili, watatu watatu), 三心二意 (kutotulia, moyo nusu). Kumbuka kwamba hapa namba kubwa inatangulia, kinyume cha mazoea yetu.

三A五B: kurudia mpaka inachosha. 三番五次 (mara kwa mara), 三令五申 (kuamrisha tena na tena).

A三B四: huyu ndiye wa kumwangalia kwa jicho kali. Karibu kila msemo wenye kiunzi hiki una harufu mbaya. 不三不四 (mtu au kitu cha ovyo), 丢三落四 (msahaulifu, kila mahali anaacha kitu), 颠三倒四 (kuongea bila mpangilio), 低三下四 (kujidhalilisha), 推三阻四 (visingizio juu ya visingizio), 挑三拣四 (kuchagua-chagua, haridhiki). Ukikutana na "tatu...nne" usiyoijua, chukulia ni lawama mpaka kamusi ikukatalie. Itakukatalia kwa 张三李四 (Zhāng Sān Lǐ Sì), ambayo ni "fulani na fulani" tu.

四A八B: pande zote. 四面八方 (kila upande), 四通八达 (barabara zinazofika kila mahali).

五A六B na jamaa zake: wingi wa aina, kwa kawaida wa kupendeza macho. 五颜六色 (rangirangi), 五光十色 (kumeremeta kwa rangi nyingi), 五花八门 (aina chungu nzima, huu unaweza kubeba kejeli kidogo).

七A八B: wingi wenye vurugu. 七嘴八舌 (wote wanasema kwa pamoja), 七手八脚 (wengi wanashika kazi moja kwa pilikapilika), 横七竖八 (vimelala hovyo huku na huku), 七拼八凑 (kuungaunga vipande), 乱七八糟 (shaghalabaghala). Na 七上八下, moyo unaopanda na kushuka kwa wasiwasi, ambao unaambatana na usemi wa ndoo kumi na tano za kuteka maji kisimani: saba zinapanda, nane zinashuka. Saba na nane zikikaa pamoja, tarajia fujo. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiunzi kinacholipa zaidi, kwa sababu kinasikika nyumbani, sokoni na ofisini.

Tisa na kumi: tisa ni "karibu yote" au "wingi mno", kumi ni ukamilifu. 九死一生 (kuponea chupuchupu), 十拿九稳 (karibu uhakika), 八九不离十 (umekaribia kupatia), 十全十美 (kamili, hakina dosari).

Mia, elfu, elfu kumi: kutia chumvi. 百发百中 (hakosi shabaha), 千方百计 (kwa kila mbinu), 千言万语 (maneno yasiyohesabika), 万无一失 (hakuna hata nafasi moja ya kukosea). Elfu kumi, 万, ina neno lake kwa sababu Kichina hupanga hesabu kwa makundi ya elfu kumi. Ndiyo maana 万一 (wànyī), "moja katika elfu kumi", ni neno la kawaida la "ikitokea kwa bahati mbaya".

Onyo: viunzi ni vya kuelewa, si vya kubuni. Usiunde wa kwako ukadhani utaeleweka, na usibadilishe namba ili ipande juu zaidi. 八嘴九舌 haifanyi vurugu iwe kubwa kuliko 七嘴八舌. Inakufanya uonekane umekosea.

Hatua ya 3: Rekebisha toni kabla hujazoea vibaya

Kamusi huandika 一 kama yī popote ilipo. Mdomoni inabadilika:

1. Ikifuatwa na toni ya nne, inakuwa yí.
2. Ikifuatwa na toni ya kwanza, ya pili au ya tatu, inakuwa yì.
3. Ikisimama kama namba yenyewe inayotajwa, inabaki yī.

Zoezi zuri ni 一心一意, kwa sababu hanzi ileile ina toni mbili ndani ya msemo mmoja: yì xīn yí yì. Vivyo hivyo 一模一样: yì mú yí yàng. Kwa 一五一十 zote ni yì. Kwa 独一无二 (dú yī wú èr, wa pekee) na 数一数二 (shǔ yī shǔ èr, miongoni mwa walio bora kabisa) inabaki yī, maana hapo "moja" inatajwa kama moja.

Neno 不 nalo linakuwa bú mbele ya toni ya nne: bù sān bú sì.

Ile yāo unayoisikia watu wanapotaja namba za simu haiingii kabisa kwenye misemo.

Halafu kuna hanzi zenye matamshi mawili, ambazo huwaangusha hata waliosoma miaka mitatu. 丢三落四 inasomwa là, si luò. 朝三暮四 ni zhāo (asubuhi), si cháo. 数一数二 ni shǔ ya toni ya tatu (kuhesabu), si shù. Ziandike kwa wino mwekundu kwenye kadi.

Mwisho, soma kwa mapigo mawili-mawili: qī shàng | bā xià. Ukizigawa silabi moja moja, msikilizaji anasikia namba zinazohesabiwa na anapoteza msemo.

Hatua ya 4: 二 au 两?

Katika mazungumzo ya kawaida, 两 (liǎng) hutangulia neno la kipimo, yaani neno la kuhesabia vitu kama 个 na 本: 两个人 (watu wawili), 两本书 (vitabu viwili). Katika misemo, yaliyogandishwa yamegandishwa. Linganisha hizi mbili:

- 一山不容二虎 (yì shān bù róng èr hǔ): mlima mmoja hauchukui chui-milia wawili. Ni mafahali wawili hawakai zizi moja, bila kupunguza kitu. Hakuna neno la kipimo, na ni 二.
- 脚踏两只船 (jiǎo tà liǎng zhī chuán): kukanyaga mashua mbili, yaani kuwa na wapenzi wawili au kucheza pande mbili. Kuna kipimo 只, na ni 两.

Kanuni hiyo itakusaidia kwenye misemo mirefu. Kwenye ya silabi nne usiitegemee: ni 一举两得 na 一石二鸟, zote bila kipimo. Hapo ni kukariri tu.

Hatua ya 5: Jua kiti chake katika sentensi

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi anajua maana, kisha anauchomeka msemo popote. Kuna viti vinne vikuu; andika kwenye kadi msemo unakaa kipi.

*Kabla ya kitenzi, na 地 (de).* 他一五一十地告诉了我。Tā yìwǔ-yìshí de gàosu le wǒ. Alinieleza yote bila kuacha kitu.

*Baada ya kitenzi, na 得 (de).* 我忘得一干二净。Wǒ wàng de yìgān-èrjìng. Nimesahau kabisa. Vilevile 看得一清二楚, kuona wazi kabisa.

*Mbele ya nomino, na 的 (de).* 五颜六色的布 (wǔyán-liùsè de bù), vitambaa vya rangirangi.

*Kama kiarifu.* 我心里七上八下的。Wǒ xīnli qīshàng-bāxià de. Moyo hautulii. Au kwa kukataza: 别三心二意! Bié sānxīn-èryì! Acha kuyumbayumba!

Makosa matatu yanayojirudia:

Kutanguliza 很 au 非常. "很十全十美" haisemwi, ukamilifu umeshakuwa ndani ya msemo.

Kusahau kwamba baadhi ya misemo inadai kulinganisha. 九牛一毛 (jiǔ niú yì máo), unyoya mmoja kwenye ng'ombe tisa, si "kidogo" tu. Ni kidogo mbele ya kikubwa sana: 这点钱对他来说只是九牛一毛, pesa hizi kwake si chochote. Usiutumie kusema darasani kulikuwa na watu wachache.

Kuandika namba kwa tarakimu. "3心2意" ni mzaha wa mitandaoni. Kwenye insha au mtihani, andika 三心二意.

Hatua ya 6: Pima hisia kabla ya kufungua mdomo

Kamusi za chengyu huweka alama: 褒义 (bāoyì) kwa sifa, 贬义 (biǎnyì) kwa lawama, 中性 (zhōngxìng) kwa kati. Iangalie kabla ya kuangalia maana. Kumwambia bosi kuwa anafanya kazi kwa 千方百计 ni sawa. Kumwambia amekuamrisha kwa 三番五次 ni malalamiko.

Mambo haya yajue mapema:

二百五 (èrbǎiwǔ), 250, ni "mpumbavu". Hata 二 (èr) peke yake, ikiwekwa kama sifa ya mtu, ni "bwege". Kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Yiwu hili ni la kila siku: bei ikifika yuan 250, taja kwa ukamilifu, 两百五十块 (liǎngbǎi wǔshí kuài), au shukeni mpaka 248. Usimzawadie mtu pesa za kiasi hicho.

三八 (sānbā) ni tusi kwa mwanamke, la umbea na kujishaua. Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, inaitwa 三八妇女节 kwa heshima zote, lakini hanzi hizo mbili zikibaki peke yake mdomoni mwako, umetukana. 十三点 (shísāndiǎn) ni ya Shanghai, "punguani".

三长两短 (sān cháng liǎng duǎn) haihusu vipimo vya urefu. Ni namna ya kutaja kifo au msiba bila kuutaja. Usiitumie kuuliza hali ya mzee wa mtu.

一路平安 (yílù píng'ān) ni safari njema. 一路走好 (yílù zǒu hǎo) inafanana nayo karatasini, lakini watu huiandika sana kumuaga marehemu. Kwa anayekwenda uwanja wa ndege, tumia ya kwanza.

Kwa salamu za mwaka mpya huwezi kukosea na 万事如意 (wànshì rúyì), mambo yote yaende upendavyo.

Hatua ya 7: Hifadhi mitano kwa wiki, kwa utaratibu huu

1. Chagua misemo mitano ya viunzi tofauti, si mitano ya kiunzi kimoja. 七嘴八舌 na 七手八脚 zikiingia siku moja, zitagombana kichwani.
2. Siku ya kwanza, jaza nafasi zote nne za kila kadi: hanzi, matamshi halisi (yenye toni zilizobadilika), kiti, hisia.
3. Siku ya pili, tunga sentensi moja kwa kila msemo, juu ya jambo la kwenu: chumba chako, soko, mtihani, daladala au matatu.
4. Siku ya tatu, jipime kwa kibodi. Andika herufi za mwanzo tu za silabi nne: sxey inapaswa kuleta 三心二意, qsbx inaleta 七上八下, lqbz inaleta 乱七八糟. Isipokuja, huenda umekosea mpangilio au silabi moja.
5. Siku ya nne na ya tano, msomee mtu sentensi zako bila kumwonyesha hanzi. Asipoelewa, tatizo ni toni au mapigo, rudi hatua ya 3.
6. Siku ya sita, funika kadi na taja msemo kwa kuanzia maana ya Kiswahili. Ulioushindwa unaingia wiki inayofuata kama wa sita.

Kumi vya kuanzia, kwa mpangilio wa manufaa: 乱七八糟, 一模一样, 一清二楚, 一干二净, 三心二意, 一心一意, 五颜六色, 七上八下, 一举两得, 丢三落四. Ukivimudu hivi kwa mdomo, ndipo uende kwenye hadithi. Wengi hufanya kinyume kwa sababu hadithi ni tamu, kisha wanajua habari zote za Xiang Yu na hawawezi kusema chumba kimevurugika.

Ukiruka siku, Mchina atakwambia 三天打鱼,两天晒网 (sān tiān dǎ yú, liǎng tiān shài wǎng): siku tatu unavua, siku mbili unaanika nyavu. Mvuvi yeyote wa pwani yetu atakuambia kuanika nyavu ni kazi tosha, lakini kwa Kichina huo ni uvivu.

Ukikwama

*Wenyeji wanacheka kila nikitumia.* Mara nyingi si kosa la maana, ni uzito. Msemo wa kihistoria kama 四面楚歌 kwa sababu umekosa chaja ya simu ni kichekesho. Tumia misemo ya 七...八 kwa mambo madogo, ya hadithi uyaachie maandishi.

*Nachanganya namba ipi inaanza.* Tatu ikikaa na mbili, tatu inatangulia (三心二意, 三言两语). Jozi nyingine nyingi za namba ndogo hupanda: 五...六, 七...八, 四...八. Elfu ina kichwa chake: 千方百计 inashuka, 千言万语 inapanda.

*Naelewa nikisoma, sielewi nikisikia.* Sikiliza silabi ya kwanza na ya tatu tu. Ukishika "qī ... bā ...", umeshajua ni vurugu ya wengi, na nusu ya pili ya maana itakujia kutokana na mazungumzo.

*Nimekuta aina mbili za msemo mmoja.* 三番五次 na 三番两次 zote ni sahihi, na 三心两意 ipo pia. Chagua moja, ile iliyo kwenye kitabu chako cha kiada, na uishike hiyo hadi baada ya mtihani.

*Sijui kama namba ni ya kiunzi au ya hadithi.* Tafuta jina la mtu, nchi au mnyama ndani ya msemo. Likiwepo (楚, 虎, 诸葛亮), angalia kama kuna hadithi. Zikiwepo sehemu za mwili, rangi au vitenzi vya kawaida, huenda ni kiunzi. Kipimo hiki hakipatii kila mara: 朝三暮四 haina jina la yeyote, nyani hawaonekani, na bado ina hadithi.

*Mwalimu anasema insha yangu ina misemo mingi mno.* Ana haki. Katika insha ya hanzi 200, miwili inatosha. Futa kwanza ile iliyo na 很 mbele yake, kisha ile ambayo ungeweza kuiondoa bila sentensi kupungua kitu.